Maswali ya Wasomaji: Forodhani, Chokaa na Maji ya Bamvua

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja, Forodhani, Unguja: bustani yenyewe, majumba yanayoizunguka na watu wanaojaa pale kila jioni. Tumechagua saba. Ya nne tumeijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa kuwa swali lake lina nyumba ndani yake.

1. Mimi ni mwalimu wa sekondari, Morogoro. Naleta wanafunzi 42 Mji Mkongwe na tutalala usiku mmoja tu. Kila ninayemuuliza ananiambia Forodhani ni ya usiku, ya kwenda kula. Je, mchana pana la kuwafundisha? Na tuanzie wapi?

Mwalimu, lipo tele, na usiku hawataliona. Wapeleke saa 9 alasiri. Majumba yote ya mstari ule yanatazama baharini, upande wa machweo. Asubuhi nyuso zake zimo kivulini, na nakshi za roshani hazionekani vizuri. Kuanzia alasiri jua linazipiga moja kwa moja.

Anzieni Malindi, karibu na lango la bandari, mwende na njia ya Mizingani bahari ikiwa mkono wa kulia. Njia yote haifiki kilomita moja. Jengo la kwanza la kusimama ni Dispensari ya Zamani, yenye roshani za mbao zilizochongwa kama kazi ya sindano. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 na Tharia Topan, tajiri wa Kihindi, kwa ajili ya jubilii ya Malkia Victoria. Mbele kidogo ni Mtini, mti mkubwa uliopandwa mwaka 1911, mwaka aliotawazwa Sultan Khalifa bin Harub. Chini yake wenye mashua za kwenda kisiwa cha Changuu hungojea abiria, kwa hiyo ni mahali pazuri pa kunywa maji na kuhesabu watoto. Inafuata Forodha ya Zamani, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa makao ya Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kisha Kasri la masultani, Beit al-Ajaib (Jumba la Maajabu) na Ngome Kongwe, na hapo bustani ya Forodhani itakuwa mbele yenu.

Msisimame barabarani kutoa somo, kwani njia ni nyembamba na magari hupita. Wagawe makundi mawili ya watoto 21. Mkifika bustanini, wapange ukingoni mwa bahari wakiipa bahari mgongo. Kushoto wataona Kasri, katikati Beit al-Ajaib, kulia Ngome. Waambie wachore walichokiona na waandike kila jengo limejengwa kwa nini: mawe, chokaa, chuma au mbao. Zoezi hilo la nusu saa huwabakia kuliko tarehe 20 za kukariri. Ngome ndiyo ya kumalizia, kwa sababu sehemu kubwa ya kuta zake haina lipu na jiwe la matumbawe linaonekana wazi. Waomani waliijenga baada ya Wareno kuondoka mwaka 1698, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Baadaye ikawa gereza, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa karakana ya gari la moshi la Bububu.

Tahadhari moja: mwezi Februari, wakati wa tamasha la Sauti za Busara, uwanja wa ndani ya Ngome huwa wa wenye tiketi. Uliza kabla ya kukata tiketi za boti.

2. Kwa nini wengine huiita Bustani ya Jubilii na wengine Forodhani? (Msomaji, Mombasa)

Forodhani ndilo jina la zamani, na linajieleza: palikuwa na forodha, mahali pa kutoza ushuru, na mabanda ya kuwekea mizigo iliyoshushwa kutoka majahazini. Bandari ilipohamia Malindi katika miaka ya 1920, ufuko ule ukabaki wazi. Mwaka 1936 ukafunguliwa kama bustani, kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultan Khalifa, ndiyo asili ya neno Jubilii. Kile kibanda cha mviringo katikati ni cha wakati huo, na kilikuwa cha kupigia beni. Jengo jeupe dogo kwenye ukingo wa maji lilijengwa kwa ziara ya Princess Margaret mwaka 1956. Sura ya sasa ya vijia, taa na ukuta wa bahari ni ya matengenezo ya Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan yaliyokamilika mwaka 2009.

Majina rasmi yamebadilika na zama. Watu wa mji hawakuliacha la forodha.

3. Assalaam aleikum. Nipo Muscat. Wazee wetu huku wakiitaja Beit al-Ajaib huitaja pamoja na saa yake, kama kitu kimoja. Nimesoma mahali kwamba mnara ule haukuwa wa asili. Ni kweli? Na hasa kitu gani kiliangusha jengo?

Waalaikum salaam. Ni kweli. Sayyid Barghash, Sultan wa Zanzibar wakati huo, alilijenga jumba mwaka 1883 bila mnara huo. Mnara wa saa ulikuwapo, lakini ulisimama peke yake mbele ya majumba, karibu na maji. Tarehe 27 Agosti 1896, saa 3 asubuhi, manowari za Kiingereza zilifyatua mizinga ili kumng'oa Khalid bin Barghash, aliyejitwalia kiti siku mbili kabla, alipofariki Sayyid Hamad bin Thuwain. Haikufika saa nzima, ila ilitosha kuuvunja mnara na kuiteketeza Beit al-Hukm, iliyokuwa kati ya Beit al-Ajaib na Kasri. Bustani iliyopo kati ya majumba hayo mawili leo ndipo iliposimama. Beit al-Ajaib ilinusurika, na mwaka 1897 ikawekewa mnara mpya wa saa kwenye uso wake. Wazee wenu, basi, waliijua ikiwa hivyo, na hawakukosea kuvitaja pamoja.

Siku ya Krismasi, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya mbele pamoja na mnara iliporomoka wakati kazi ya ukarabati ikiendelea. Wafanyakazi wawili walipoteza maisha. Mungu awarehemu.

Kuhusu sababu, tutaeleza namna majengo ya aina hii yanavyougua, maana huo ndio msingi wa jambo. Nyumba ya kawaida ya Mji Mkongwe ni mawe, chokaa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba, na ndiyo sababu vyumba vingi vya zamani ni vyembamba, kama mita 3, hata ndani ya nyumba ya tajiri. Barghash alitaka kumbi pana na baraza ndefu kuzunguka ghorofa zote, kwa hiyo akaleta chuma: nguzo nyembamba ndefu na mihimili. Hiyo ndiyo ajabu yake, pamoja na taa za umeme na lifti zilizokuja baadaye. Chuma hicho kikiwa mbele ya bahari kinahitaji kupakwa rangi na kuzuiliwa maji maisha yake yote. Paa likivuja, maji hushuka ndani ya ukuta hadi kwenye ncha ya mhimili iliyochomekwa mle. Ncha inashika kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo inausukuma ukuta na kuupasua kutoka ndani. Ufa ukiingia, maji yanapata njia pana zaidi. Kwa nje jengo laweza kuonekana zima kwa miaka huku likishikiliwa na mazoea tu. Dalili zilikuwapo: mwaka 2012 sehemu ya baraza ya nyuma ilianguka.

4. Nimerithi nyumba ya ghorofa mbili Mji Mkongwe, si mbali na Forodhani. Marehemu baba aliipiga lipu ya saruji ili iwe imara. Sasa lipu inavimba na kubanduka vipande vipande, na ukutani pana unga mweupe wa chumvi hadi usawa wa kifua. Fundi mmoja anataka kuongeza saruji nzito zaidi. Nimruhusu?

Usimruhusu. Saruji ndiyo ugonjwa wenyewe.

Ukuta wako ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, unene wake nusu mita au zaidi. Ukuta huo hunywa maji ya mvua na unyevu wa ardhini, kisha huyatoa kupitia usoni mwake. Lipu ya chokaa humwachia pumzi. Lipu ya saruji inamziba pua: maji yanapanda ndani yakitafuta njia, yanabeba chumvi, na chumvi inajigandisha nyuma ya saruji na kuisukuma. Hicho ndicho kishindo unachosikia ukigonga lipu kwa kifundo cha kidole, sauti ya ngoma badala ya sauti ya jiwe. Tena unyevu uliofungiwa huozesha ncha za boriti zilizozama ukutani, na hilo ni la hatari kuliko lipu kubanduka. Kabla ya jambo lolote, chukua msumari mrefu uchome kila boriti pale inapoingia ukutani. Ukizama kama kwenye mkate, weka mhimili wa muda chini ya boriti hiyo na uite mtaalamu.

Nyumba ikiwa ndani ya eneo la hifadhi, kibali hutolewa na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Usianze kazi bila hicho. Kisha kazi iende hivi.

Kwanza komesha maji: mfereji wa paa, bomba la choo, maji ya mwaga ya jirani. Ukipiga lipu mpya juu ya ukuta unaovujiwa utaibandua tena baada ya masika mawili. Pili, ondoa saruji kwa patasi na nyundo ndogo, si kwa mashine inayotikisa, kwa sababu mashine huyalegeza mawe. Sugua chumvi kwa brashi kavu, uizoe na kuitupa nje. Ukiiosha kwa maji inarudi ndani. Tatu, uache ukuta wazi ukauke. Nusu mita ya jiwe haikauki kwa wiki moja, mpe miezi. Ubandue masika yanapokwisha, upige lipu kabla ya vuli.

Chokaa ni ya kuroweka. Chokaa hai hutiwa kwenye maji, kidogo kidogo. Kamwe maji yasimiminwe juu ya chokaa hai, kwa sababu huchemka na kuruka, na ikiingia jichoni hupofusha. Funga macho kwa miwani na weka ndoo ya maji safi karibu. Chokaa ikishatulia, ifunike kwa maji kiasi cha vidole vinne na iache shimoni mwezi mmoja kwa uchache. Ikikaa miezi mitatu ni bora zaidi. Ikiiva huwa laini kama samli iliyoganda, na mwiko hauinui vidonge. Ukinunua chokaa hai ya mfuko iliyokaa dukani mdomo wazi, jaribu kiasi kidogo kwenye maji: isipopata joto, imekwisha kufa hewani, haina kazi kwenye lipu.

Mchanga usiwe wa pwani, una chumvi. Tafuta wa shimo, wenye punje za ukubwa tofauti. Tia mchanga kwenye chupa ya kioo hadi nusu, jaza maji, tikisa, acha usiku mmoja. Tope litakalokaa juu likizidi unene wa kidole, uoshe mchanga kwanza.

Vipimo: debe 1 la chokaa kwa madebe 3 ya mchanga kwa tabaka la kwanza na la pili, debe 1 kwa 2 za mchanga uliochekechwa kwa tabaka la mwisho. Uponde mchanganyiko kwa magongo bila kuongeza maji. Mafundi wengi hukosea hapa: wakiona mzito wanatia maji, na maji hayo yakikauka yanaacha nyufa. Ukipondwa vya kutosha hulainika wenyewe.

Lowanisha ukuta jana yake na tena asubuhi. Kila tabaka lisizidi milimita 10. Likianza kushika, lichore mistari ya kukatana kwa ubao wenye misumari ili linalofuata lipate kushika, kisha ngoja wiki moja. Funika kwa magunia yaliyoloweshwa na uyalowanishe asubuhi na jioni siku 7, hasa ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Ukipitisha kiganja ukapata unga, lipu ilikauka haraka mno. Nyufa nyembamba kama utando wa buibui hutokana na tabaka nene au chokaa iliyozidi.

Umalizie kwa chokaa ya maji, nyepesi kama maziwa, mikono minne au mitano, kila mmoja ukauke usiku kucha. Mkono wa kwanza utaonekana kama haujapaka kitu. Usifanye haraka ya kuuzidisha uzito, utakuja kubanduka kama magamba. Na usiweke rangi ya mafuta wala ya plastiki juu yake, la sivyo umerudi kwenye saruji kwa njia nyingine.

5. Tunakuja familia nzima kutoka Nairobi. Tunakula nini Forodhani, na tutajuaje samaki ni wa leo? Mke wangu pia anaomba kujua namna ya kupika urojo.

Karibuni. Wachuuzi hupanga meza kabla ya Maghribi, na huo ndio wakati wa kukagua, kabla ya giza na moshi. Samaki na pweza wa mishkaki mara nyingi huwa wameshapikwa nusu kabla ya kuletwa, na hilo si kosa, kwani pweza lazima achemshwe kwanza ndipo alainike. Kosa ni kukirudisha kilichobaki jana. Pweza wa jana hunata kidoleni na ngozi yake hubanduka. Kamba hulegea kichwani. Kula kwenye meza yenye wateja wa mjini, mwambie mchuuzi arudishe mshikaki juu ya mkaa mbele yako hadi katikati upate moto, na ulizeni bei ya kila kitu kabla ya kunyoosha kidole. Kambakochi hasa, maana bei yake huwashtua wengi.

Watoto watataka ile inayoitwa pizza ya Zanzibar. Ni jamaa wa mantabali: donge la unga linatandazwa jembamba hadi mwanga upite, linatiwa kima, kitunguu, pilipili boga na yai, linakunjwa pande nne na kukaangwa juu ya bamba la chuma. Iagizwe ikaangwe taratibu. Moto mkali huunguza nje na yai la ndani likabaki bichi. Juisi ya muwa ikamuliwe mbele yenu, pamoja na ndimu na kipande cha tangawizi humo humo mashineni.

Urojo kwa watu sita: koroga vijiko 5 vya unga wa ngano katika kikombe cha maji baridi hadi madonge yaishe. Chemsha maji lita 1 na nusu pamoja na embe mbichi moja iliyokatwa, manjano kijiko kidogo na chumvi. Mimina unga ukikoroga, na uuache uchemke polepole dakika 20. Ukiuharakisha utabaki na ladha ya unga mbichi. Epua ndipo ukamue ndimu mbili. Ndimu ikichemka huleta uchungu. Ndani ya bakuli weka viazi vya kuchemsha, bajia, kachori, yai, mishkaki, juu chatni ya nazi, pilipili na chipsi za muhogo. Chipsi ziwe za mwisho kabisa, zisije zikalainika.

Ramadhani meza hufunguliwa baada ya futari. Mchana msile hadharani.

6. Wapi naweza kukaa na watu wa mji, nicheze bao, ninywe kahawa? (Msomaji, Bujumbura)

Acha bustani, ingia ndani ya mitaa hadi Jaws Corner, mwendo wa dakika chache. Pale pana kahawa chungu ya vikombe vidogo, dhumna na mabishano ya siasa na mpira. Salimia kwanza, kaa barazani, usishike kete bila kukaribishwa. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na anayelijua hutambulika kwa anavyoitunza nyumba, yaani shimo lake maalumu. Kabla ya kupiga picha, omba ruhusa.

7. Mwanangu ana miaka 13, tunakwenda Unguja likizo. Ameona picha za vijana wakijirusha baharini Forodhani na hasikii lingine. Mimi mama yake naogopa. (Msomaji, Dar es Salaam)

Mama, hofu yako ina msingi, na jibu lake liko kwenye maji. Vijana wa pale wanayajua kwa mwezi. Wakati wa bamvua, yaani kuanzia tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 za mwezi mwandamo, tofauti ya maji kujaa na kupwa Unguja hukaribia mita 4, na maji hujaa takriban saa 10 jioni. Ndiyo maana picha nzuri zinapigwa saa hiyo. Kila siku inayofuata maji hujaa kama dakika 50 baadaye. Baada ya wiki moja yamekuwa maji mafu, na saa ile ile ya jioni kina kimepungua zaidi ya mita 2. Mgeni aliyeona picha ya jana ya bamvua akajirusha wiki ya pili anakutana na mawe.

Kwa hiyo tazama kalenda ya mwezi kabla ya kumjibu. Ikiwa si siku za bamvua, jibu ni hapana. Ikiwa ni bamvua, aingie kwa ngazi kwanza, aogelee hadi pale anapotaka kujirusha, azame na kugusa chini kwa miguu. Asipofika chini, pana kina. Ajirushe miguu mbele, kamwe si kichwa, palepale wanaporukia vijana wa mji na si hatua kumi pembeni, baada ya kutazama kwamba hakuna mashua wala mtu chini. Maji yakianza kupwa huvuta, kwa hiyo asiyeogelea vizuri asiingie kabisa. Na atoke kabla jua halijazama, kwa sababu baada ya hapo waliopo ukingoni wanatazama mishkaki, si maji.